Bomba la Moshi

Posta Mpya, dirisha la vifurushi, saa nne asubuhi.
Afisa ushuru anapasua boksi kwa wembe,
anachomoa sponji ya njano iliyoanza kusagika kuwa unga,
na ndani, imelala ubavu kama mgonjwa,
injini ya shaba, ndefu kama mkono wangu,
kiwiko mpaka kifundo.

"Mama, si ndiyo hii uliyochukua mwezi wa tatu?"
Siyo.
"Ni hiihii. Niliiandika mimi."
Ile taa yake ya mafuta, hii ya umeme.
Ile ngazi ina vidato vitatu, hii vinne.
Na tazama huku juu, bomba la moshi.
Anatazama. Haoni.
Anaandika: KITU CHA KUCHEZEA, KIMOJA.
Nalipa, nanyamaza.
Siku nyingine kutoona kwa mtu ni punguzo lako.

Saba sasa, kabatini, Ilala,
Mtaa wa Moshi (msicheke, ndiko nilikopata chumba).
Zinatoka Korea. Watu nisiowajua
wameketi na lehemu na lenzi jichoni
wakihesabu ribiti za injini wasiyowahi kuipanda,
wakaunda ishirini za namna hii, kumi na tano za namna ile,
kisha wakafunga kitabu.
Ukichelewa, umechelewa.
Nyingine zimepakwa rangi ya damu ya mzee.
Mbili zimebaki shaba tupu, na hewa ya chumvi ya mji huu
inazila taratibu, doa baada ya doa,
nami nazisugua kwa limau, Jumapili, baada ya misa.

Lubango, mdogo wangu, yeye hukusanya madeni.
Aliipeleka moja kwa wapima skrepa nikiwa nimelala.
Akarudi nayo: "Dada, kilo moja na robo.
Pensheni yako yote ni sufuria mbili bila mifuniko."

Ninayo picha.
Baba kwenye ngazi ya injini, yadi ya Gerezani,
spana mkononi, bega limefunika namba.
Viatu vilikuwa vipya, akataka vionekane,
mpigapicha akainamisha kamera,
na kwa ajili ya viatu hivyo
juu pakakatwa.
Bomba la duara, au lile bapa,
bapa kama sanduku la barua?
Sijui. Kwa hiyo nanunua yote.

Mwezi uliopita nilizifunga mbili kwenye khanga,
nikaenda Mbagala kwa Chisawilo, fundi wa boila zamani zile.
Alianza na malalamiko: mafao, sukari, mkwe.
Macho yana mtoto wa jicho, akapapasa kwa dole gumba,
polepole, kama anayetafuta bei kwenye kitambaa.
"Ya baba yako hii."
Bomba la duara. Moyo wangu ukakaa.
Akashika ya pili. "Na hii."
Haiwezekani, Mzee, ni mbili tofauti.
"Injini moja. Iliingia karakana na lile, ikatoka na hili.
Katikati hapo, wiki tatu, haikuwa na bomba.
Tundu tu. Tulilifunika kwa gunia."

Wiki tatu.
Kota za reli, mimi darasa la kwanza,
Baba nyumbani mchana, jambo lisilo la kawaida,
kaketi kizingitini, viatu vyake vipya mapajani pangu,
ananionyesha fundo: pitisha, vuta, pitisha tena,
hapana, wa kushoto kwanza.
Sikujua likizo ile ilitoka wapi.

Toleo hilo hakuna aliyelitengeneza.
Nimetafuta katika orodha zote.
Jana usiku umeme ulikatika, nikawasha mshumaa,
nikaigeuza ya tatu tumbo juu.
Bomba linashikwa na skrubu moja, ndogo kuliko punje ya uwele.
Ilibana. Nilitumia kisu cha siagi.

Lubango asubuhi: "Umeiharibu."
Nimekata kipande cha gunia la mchele, upana wa kucha,
nimelifunika tundu.
Skrubu iko kwenye kiberiti, juu ya kabati, upande wa kushoto.
Mtu asiwashe.